Kadi ya Dakika Moja

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nasi siku ya tatu ya kongamano, Jumapili, saa mbili asubuhi,
tulipewa chumba cha chini kabisa cha hoteli,
Minneapolis, theluji imeziba vidirisha,
zulia linanuka supu ya jana.
Viti arobaini. Wasikilizaji watatu,
na mmoja wao alifuata soketi.

Mimi nilishika kadi.
Kijani, dakika tano. Manjano, mbili.
Nyekundu ni moja, na huinuliwa bila huruma.
Ujira wangu: kuponi ya kahawa.

Sigrun Bjarnason alikuja kwa basi la usiku kutoka Winnipeg.
Mpakani walimshusha, wakamuuliza amebeba nini.
Risiti za dobi, akasema.
Za lini?
Za mwaka elfu moja mia tisa na kumi na moja.
Askari akamtazama kama begi lisilo na mwenyewe.

Jana yake tulikaa pamoja kwenye warsha ya ajira.
Mtaalamu, miwani ikining'inia shingoni, alituonya
tusiseme tunasoma karatasi za zamani,
tuseme tunachambua data changamani.
Wasifukazi uwe kurasa mbili. Au moja. Inategemea.
Na kila mtu ajue kujieleza ndani ya lifti
kabla haijafika ghorofa ya sita.
Sigrun akainua mkono: na lifti ikikwama?
Ukumbi ukacheka.
Yeye alikuwa anauliza.

Usiku tulikula maandazi ya mapokezi,
yale tuliyoyafunga kwenye leso za karatasi
wakati maprofesa wakipeana mikono.
Elimu haina mwisho, alisema akitafuna,
ufadhili wangu unaisha Agosti.

Sasa amesimama mbele ya picha ukutani:
mashati saba, kola kumi na mbili, shuka mbili,
na pembeni ya shati la nne, kialama,
msalaba uliovunjika mguu.
Miaka mitatu ameishi na msalaba huo.
Ni deni, anasema. Msimamizi wake amekubali.
Sura nzima ya tasnifu imesimama juu yake.

Mlango ukafunguliwa. Mama mmoja akaja kuchukua majagi ya maji.
Naye alikuwa na beji kifuani, Bounmy Sayavong,
ila yake haikutaja chuo.
Akainama, akainuka, akaiona picha.
Wakati huohuo mimi nikainua nyekundu.

"Hilo si deni," akasema.
"Ni doa. Limekataa kutoka.
Unaandika mapema, mwenye shati asije akasema
wewe ndiye uliyelitia."

Mkono wangu ukashuka wenyewe.

"Huku chini sisi tunachora duara," akaongeza.
"Labda wao walichora hivyo. Labda nakosea,
labda ni deni kweli."
Akabeba majagi manne kwa mikono miwili, akaondoka.

Yule wa soketi akachomoa chaja.
"Sasa sura ya tatu inakuwaje?"
"Inaanguka," akajibu Sigrun,
kama mtu aliyeambiwa mvua imekwisha,
anaweza kutoka.

Mwezi wa tano aliniandikia.
Sura ameijenga upya, ni fupi, inasimama.
Tanbihi ya mia moja na kumi na nne:
Bounmy Sayavong, mazungumzo, chumba cha chini.
Jopo limeuliza huyu ni nani na yuko idara gani.

Nauli hawajamrudishia.
Risiti ya basi ililowa theluji kwenye buti,
tarehe haisomeki,
na karani wa fedha ameirudisha
na kialama cha kalamu nyekundu pembeni.
Sigrun ameipiga picha, akanitumia,
ananiuliza mimi naona nini.

Sijamjibu bado.
Kadi ninazo kwenye droo. Ya manjano imepotea.